Uvumilivu Hautoshi: Juu ya Kuwafundisha Vijana wa Kilimanjaro Haki za Binadamu

Moshi ni mji wa watu wengi. Tangu reli ya kutoka Tanga ilipoufikia mwaka 1911, biashara ya kahawa, mashamba ya mkonge na shamba kubwa la miwa la Arusha Chini vimewavuta watu wa kila upande wa nchi yetu na hata wa ng'ambo. Darasa moja la shule ya sekondari laweza kuwa na mtoto wa Mchagga wa Rombo, mtoto wa Mpare wa Usangi, mtoto wa Mmaasai wa tambarare, mtoto wa Mhindi mwenye duka mjini, na mtoto wa mkata miwa ambaye babu yake alitoka mkoa wa mbali. Wamo Walutheri, Wakatoliki, Waislamu, Wahindu na Masingasinga. Mwalimu wa darasa hilo awafundishe nini vijana wake ili waishi pamoja kwa haki?

Jibu linalotolewa upesi ni kwamba awafundishe uvumilivu. Neno hilo limo katika hotuba, katika mahubiri na katika vitabu vya kiada. Makala haya yanakusudia kulipima neno hilo, kisha kuitazama hazina tuliyo nayo katika mila na katika maandishi yetu, ili tuone ni kitu gani kinachoweza kumfunza kijana jambo lililo kubwa kuliko uvumilivu.

Katika Kiswahili, mtu huvumilia kinachomuumiza. Tunavumilia njaa, tunavumilia maradhi, tunavumilia baridi ya mlimani. Methali isemayo kwamba mvumilivu hula mbivu yamsifu yule anayekubali dhiki ya leo kwa kutumaini faida ya kesho. Basi mwalimu amwambiapo kijana amvumilie mwenzake wa kabila jingine, bila kukusudia amekwisha kumwambia kwamba mwenzake huyo ni dhiki. Tena, avumiliaye hujiona kuwa ndiye mwenye nyumba, na avumiliwaye ni mgeni aliyekaribishwa kwa hisani. Hisani hutolewa, na hisani huweza kuondolewa siku mwenye nyumba akichoka. Haki haiwi hivyo. Haki humfuata mtu popote aendapo, apendwe asipendwe. Hatusemi kwamba uvumilivu hauna kazi. Zipo rai tusizozikubali na desturi zisizotupendeza ambazo hatuna budi kuzistahimili. Tunalosema ni kwamba kuwapo kwa jirani si jambo la kuvumiliwa.

Mlima wenyewe unatoa somo la kwanza. Vijana wengi hudhani kwamba Wachagga wamekuwa jamii moja tangu kale. Historia yasema vingine. Katika karne ya 19 mlima uligawanyika katika nchi nyingi, kila moja na Mangi wake, na nchi hizo zilitekana ng'ombe na watu. Mangi Rindi wa Moshi na Mangi Sina wa Kibosho walikuwa mahasimu, hata Wajerumani walipokwenda kuipiga Kibosho mwaka 1891, Rindi alikuwa upande wao. Lugha nazo zilitofautiana, na mpaka leo mtu wa Rombo na mtu wa Machame wakikutana hukimbilia Kiswahili ili waelewane. Wamisionari wakaongeza mpaka wa madhehebu juu ya mipaka hiyo. Hata hivyo, Chama cha Ushirika cha KNCU kilipoanzishwa mwaka 1933, wakulima wa kahawa wa nchi hizo walianza kuuza pamoja, na mwaka 1952 walipata Mangi Mkuu mmoja, Thomas Marealle. Wajukuu wa waliotekana wakaanza kuitana ndugu. Kijana akilijua hilo atatambua kwamba neno "sisi" lina mipaka inayosogea, nayo husogezwa na watu. Iliyosogezwa jana ili imwingize mtu wa Kibosho, yaweza kusogezwa leo imwingize Mpare, Mhindi na Mmaasai.

Somo la pili ni utani. Wachagga na Wapare ni watani. Mpare huitwa bahili, Mchagga huitwa mpenda fedha, na wote wawili hucheka. Wataalamu wa mila wameusifu utani kuwa ni dawa ya uhasama, na sifa hiyo ni ya haki. Mtani hutukana lakini pia huja msibani, hufanya kazi, hufariji waliofiwa. Kwa njia hiyo watu waliokuwa wakiogopana walipata ruhusa ya kusemana bila kumwaga damu.

Lakini yafaa tuuhakiki utani pia, maana tumezoea kuusifu tu. Utani una masharti mawili. Kwanza, uwe wa pande zote mbili: anitaniaye nami nimtanie. Pili, uambatane na wajibu. Dhihaka isiyokuwa na masharti hayo si utani, ni dharau iliyovaa nguo ya utani. Katika bweni la shule, wanafunzi arobaini wanapomcheka mmoja kwa matamshi yake, yeye hana nafasi ya kuwarudishia, na siku ya msiba wake hakuna hata mmoja atakayekwenda. Tena utani hauwafikii wote. Mtumishi wa nyumbani hana utani na bwana wake. Mtoto mwenye ualbino hana kabila la watani litakalomkinga. Mhindi wa dukani hutaniwa mara nyingi, lakini ni mara chache aulizwe kama amekubali. Mila hii njema yawalinda wale tuliofungamana nao kwa historia. Asiye na fungamano yoyote nasi amelindwa na nini? Hapo ndipo haki za binadamu zinapoanza, na hapo ndipo mila haina budi kusaidiwa na maandishi na sheria.

Katika maandishi yetu, kitabu kinachofaa kutangulizwa ni Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotolewa mwaka 1951. Karama anashtakiwa mbele ya mfalme kwa sababu ameanzisha elimu ya sheria, na mshtaki wake ni waziri Majivuno. Badala ya kuomba radhi, Karama anawasimulia wakuu habari za wajumbe sita waliotumwa kwenda nchi nyingine kutafuta mema, nao waliporudi wakatiwa gerezani. Walimu wengi hukifundisha kitabu hiki kama fumbo juu ya utawala wa kikoloni. Tafsiri hiyo ni sahihi, lakini haikimalizi kitabu. Kosa la wajumbe wale lilikuwa nini? Waliona mambo mema kwa watu wengine, wakayaleta nyumbani. Kusadikika ni nchi inayomwogopa mgeni hata pale ugeni unapoletwa na mwanawe mwenyewe. Mwanafunzi wa Moshi akikisoma kitabu kwa jicho hilo, atajiuliza ni wajumbe wangapi aliowafunga yeye kwa kicheko chake bwenini.

Pamoja na uzuri huo, kitabu kina upungufu ambao mwalimu asiufiche. Haki ya Karama hatimaye hutoka kinywani mwa mfalme. Umma wa Kusadikika hausemi mengi, unasubiri. Kijana asipoongozwa, aweza kukifunga kitabu akiamini kwamba haki ni zawadi ya mkubwa aliyeguswa moyo na maneno mazuri. Kwa hiyo fasihi yataka kuwekwa pamoja na historia, na historia hiyo hatuna haja ya kuitafuta mbali.

Mwaka uleule wa 1951, serikali ya Waingereza iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, upande wa magharibi wa Kilimanjaro, ili ardhi yao wapewe wafugaji wa Kizungu. Nyumba ziliteketezwa. Wameru hawakusubiri mfalme aguswe moyo. Walichanga fedha, wakaandika malalamiko, na mwaka 1952 mjumbe wao Kirilo Japhet alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa mjini New York kuidai ardhi ya watu wake. Aliyemsaidia alikuwa wakili wa mjini Moshi, Earle Seaton, mtu mweusi mzaliwa wa Bermuda, kisiwa cha mbali katika bahari ya Atlantiki. Hakuwa Mmeru wala Mchagga. Hakuwa na ukoo mlimani, wala kihamba, wala watani. Aliitetea haki ya Wameru kwa sababu ilikuwa haki.

Umoja wa Mataifa haukuwarudishia Wameru ardhi. Azimio la kuwaunga mkono halikupata kura za kutosha. Mwaka 1967 Kirilo Japhet na Seaton walitoa kitabu kwa Kiingereza juu ya shauri hilo. Mwalimu wa fasihi na mwalimu wa historia wangeshirikiana kuzisoma habari hizi mbili sambamba, Karama na Kirilo, mjumbe wa kubuni na mjumbe wa kweli. Mmoja alishinda katika hadithi, mwingine alishindwa katika kura. Wanafunzi wajadili ni yupi aliyeacha funzo kubwa zaidi. Kwa maoni yetu ni Kirilo, maana ameonyesha kwamba haki huendelea kuwa haki hata pale inaponyimwa. Tangazo la Haki za Binadamu la tarehe 10 Desemba 1948, lenye ibara 30, huonekana kwa vijana kama karatasi ya wageni. Wakijua kwamba miaka minne tu baada yake mwana wa jirani zao alikwenda kudai haki mbele ya umoja huohuo ulioitangaza, karatasi hiyo itapata uhai.

Hata hivyo, kuwafundisha vijana haki walizonyimwa na mkoloni ni kazi nyepesi. Kila mtu darasani atakuwa upande mmoja. Kipimo cha mwalimu ni haki inayomgusa mwanafunzi mwenyewe. Katika miaka ya 1970 na 1980, Serikali ilizigawa nafasi za kidato cha kwanza kwa mikoa, ili mikoa iliyoachwa nyuma na ukoloni nayo ipate wasomi. Kilimanjaro, yenye shule nyingi kwa sababu ya misheni na fedha za kahawa, iliona watoto wake waliofaulu vizuri wakikosa nafasi. Wazazi wengi walinung'unika, na shule nyingi za binafsi zikajengwa mkoani. Je, mtoto wa Marangu alidhulumiwa? Na mtoto wa mkoa usiokuwa na shule, yeye alikuwa amedhulumiwa na nani kabla ya hapo? Swali hili lina haki pande zote mbili, na kwa sababu hiyo ni zuri kuliko maswali kumi yenye jibu moja. Mwanafunzi wa Kilimanjaro apewe kazi ya kumtetea mtoto wa mkoa wa mbali, na yule wa mkoa wa mbali apewe kazi ya kumtetea mtoto wa Marangu. Mkuki kwa nguruwe ni mtamu, kwa binadamu mchungu. Atakayeusikia uchungu wa mwenzake kwa kinywa chake mwenyewe hatausahau upesi.

Tangu mwaka 1984 Katiba yetu imekuwa na sehemu ya haki za binadamu, na usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 Mwenge wa Uhuru uliwashwa juu ya Kilimanjaro, ukiwa na ahadi ya kuleta heshima mahali pa dharau. Tuangalie kwamba ahadi hiyo haikutaja uvumilivu. Ilitaja heshima, na kinyume chake ikakiita kwa jina lake, dharau. Mwalimu wa Moshi anayetaka kujua aanzie wapi, na aanzie hapo: awaulize wanafunzi wake ni nani anayedharauliwa katika darasa hili, kisha anyamaze, amwache huyo aseme.