Mateso Yasiyo na Mapambo: Arvo Pärt na "Passio"

Arvo Pärt alizaliwa Paide, Estonia, mwaka 1935. Utunzi wake "Credo" wa mwaka 1968, uliomkiri Kristo waziwazi chini ya utawala wa Kisovieti, ulipigwa marufuku. Ikafuata miaka ya kunyamaza karibu kabisa, akijifunza nyimbo za Kigregoriani. Mwaka 1972 akajiunga na Kanisa la Kiorthodoksi. Mwaka 1976 aliibuka na mtindo mpya: sauti moja hupanda na kushuka hatua kwa hatua, na ya pili hushikilia noti tatu tu zinazopatana.

Tunda kubwa la mtindo huo ni "Passio" (1982), yaani Yohana 18 na 19 kwa Kilatini, kwa muda unaozidi saa moja. Bach, katika Mateso yake ya mwaka 1724 kwa Injili hiyohiyo, aliwapa waamini tenzi za kuitikia, Pärt ameziondoa. Silabi za maneno huongoza noti, na alama za uandishi huamua vituo. Hata Mwinjilisti huimbwa na watu wanne, hivi kwamba hakuna mhubiri wa kusifiwa.

Atakayeuita muziki huu baridi hakosi hoja: sisi tuliolelewa na tenzi twajiona tumeachwa mlangoni. Lakini Petro anapokana, muziki haumhukumu wala haumtetei, na msikilizaji hana pa kujificha nyuma ya machozi ya mwimbaji. Mwishoni tu, Injili ikiisha kusomwa, kwaya huomba rehema kwa maneno machache, na muziki hufunguka katika D meja. Ombi hilo halingekuwa na uzito huo kama tungalikwisha kulizwa njiani.