Ufundi wa Herufi za Msasa

Herufi ya msasa haina gharama kubwa. Inahitaji kipande cha ubao mwembamba au kadibodi ngumu, gundi, na msasa laini uliokatwa kwa umbo la herufi. Irabu hubandikwa juu ya rangi ya buluu na konsonanti juu ya rangi ya waridi, ili jicho la mtoto lizoee kuzitenga kabla hajaambiwa lolote kuhusu irabu na konsonanti. Mwalimu wa Montessori anayejitengenezea vifaa hamalizi kazi gundi inapokauka. Huipitia kila herufi kwa vidole viwili, cha shahada na cha kati, kwa mwelekeo uleule ambao mkono huandika, akitafuta ukingo uliochomoza au tone la gundi lililoganda juu ya msasa. Mtoto wa miaka mitatu na nusu hataliona kosa hilo. Kidole chake kitalikariri.

Ufundi wa mwalimu huyu umejaa kazi za namna hiyo, ambazo hufanyika kabla mtoto hajaingia darasani na ambazo mgeni hazioni. Anachokiona mgeni ni watoto thelathini wanaojishughulisha kwa utulivu, na mtu mzima mmoja aliyechuchumaa pembeni akinong'ona na mtoto mmoja. Ni rahisi kudhani kwamba mtu mzima huyo hana kazi kubwa.

Mambo haya yalianzia mahali pa shida. Tarehe 6 Januari 1907, katika mtaa wa San Lorenzo jijini Rome, daktari Maria Montessori alifungua chumba cha kulelea watoto wapatao 50 wa vibarua. Wazazi walikuwa kazini kutwa, na wamiliki wa majengo walikuwa wamechoshwa na watoto waliobaki wakichafua kuta na ngazi. Chumba kiliitwa Casa dei Bambini, yaani Nyumba ya Watoto. Montessori hakuwa amepanga kuwafundisha kuandika watoto wa umri huo. Akina mama, ambao wengi wao hawakujua kusoma, ndio waliomwendea wakaomba watoto wao wafundishwe.

Alitaka herufi za mbao zilizochongwa vizuri, kama zile alizowahi kuzitumia kwa watoto wenye ulemavu wa akili, lakini hazikupatikana kwa urahisi na bei yake ilikuwa kubwa. Basi yeye na wasaidizi wake wakakata herufi za karatasi na za msasa. Punde akagundua kwamba herufi za karatasi zina faida ambayo za mbao hazikuwa nayo: zinaweza kukatwa nyingi, mtoto akazipanga sakafuni kuunda neno lolote alitakalo. Kifaa ambacho leo kimo katika kila darasa la Montessori, yaani sanduku la herufi za kupanga, kilizaliwa na ukosefu wa fedha.

Siku moja ya Desemba yenye jua, alikuwa na watoto juu ya paa la jengo. Alimpa chaki mvulana wa miaka mitano aliyekaa karibu naye, akamwomba achore dohani. Mvulana akachora, akasifiwa, akatabasamu. Kisha akapaza sauti kwamba anajua kuandika, akapiga magoti na kuandika sakafuni neno la Kiitaliano la mkono, likafuata la dohani, kisha la paa. Hakuna aliyekuwa amemshikisha kalamu aandike neno hata moja. Wenzake wakakusanyika, wakaomba chaki, na baadhi yao wakaandika kwa mara ya kwanza papo hapo. Kusoma kulifuata baadaye.

Jambo hilo lilionekana kama muujiza, ilhali mkono wa mvulana yule ulikuwa umeandaliwa muda mrefu. Hapo ndipo penye utamu wa kazi hii kwa anayeifahamu. Mtoto anayechambua maharage kwa ncha za vidole, anayefunga vifungo, anayemimina maji kutoka jagi hadi kikombe, tayari anajifunza kushika kalamu. Silinda ndogo za mbao zenye vishikio huinuliwa kwa vidole vitatu, vilevile vitakavyobeba penseli. Fremu za chuma za maumbo, kama duara, pembetatu na yai, humfunza kuongoza mstari bila kutoka nje ya mpaka. Kabla ya kugusa msasa, mtoto hunawa vidole kwa maji ya uvuguvugu ili viamke. Kila hatua ni ndogo, na mwalimu anajua kila moja inaelekea wapi.

Sikio nalo huandaliwa. Mwalimu huweka mkekani kikombe, kijiko, kitana na kufuli, kisha husema, "Ninaona kitu kinachoanza na k," akitamka sauti yenyewe kwa ufupi, bila kuiita herufi kwa jina. Vyote vinne vinaanza na k, na watoto hucheka wanapoligundua hilo. Siku nyingine huuliza sauti ya mwisho, na baadaye sauti iliyo katikati. Wakati huo hakuna herufi yoyote mezani.

Mchezo huu unakifaa mno Kiswahili, lugha ambayo, kama Kiitaliano, huandikwa karibu sana na inavyotamkwa. Irabu ni tano na hazibadiliki. Lakini Kiswahili kina kona zake, na mwalimu mzuri anazijua. Watoto wengi wa Afrika Mashariki hufundishwa kwa kuimba ma, me, mi, mo, mu. Wimbo ni mtamu na hukaa kichwani. Kisha mtoto hukutana na mti, mtu, mkate na mpira, ambamo m imesimama peke yake bila irabu ya kuiegemea, naye hukwama kwa sababu hakuwahi kuimba m tupu. Aliyeanza na sauti hasumbuki hapo. Husikia m, t, i, akachukua herufi tatu kutoka sandukuni na kuzipanga. Ng'ombe na ngoma pia humtaka mwalimu makini: sauti ya ng' hubandikwa kwenye ubao wake, ng kwenye ubao wake, na mtoto huzipapasa zote mbili huku akizisikiliza zinavyotofautiana. Ch, sh, dh, th, gh na ny hupata mbao zao vivyo hivyo.

Somo la herufi lenyewe huchukua dakika chache. Lina hatua tatu zilizorithiwa kutoka kwa Édouard Séguin, daktari Mfaransa wa karne ya 19. Kwanza mwalimu hupapasa na kutamka: "Hii ni s." Kisha huomba: "Nionyeshe s. Nipe m. Weka s mapajani." Mwisho huuliza: "Hii ni nini?" Mtoto akikosea hatua ya tatu, mwalimu hamsahihishi wala hakunji uso. Hurudi hatua ya kwanza, au hufunga somo kwa upole na kulileta tena kesho. Anayedhani hilo ni jepesi ajaribu kukaa mbele ya mtoto aliyesema n badala ya m, asimwambie "hapana".

Lugha hukua pale penye watu wa kusema nao, na darasa la Montessori hupangwa liwe na watu hao. Watoto wa miaka mitatu hadi sita huwa chumba kimoja. Mdogo husikia sentensi ndefu za mkubwa kutwa nzima, na mkubwa, akimfundisha mdogo, hulazimika kupanga maneno yake vizuri. Kila kifaa kipo kimoja tu. Anayekitaka husubiri mwenzake akirudishe rafuni, au humwendea na kusema, "Naomba nikuangalie unavyofanya." Kupita kando ya mkeka wa mwenzio bila kuukanyaga, kumgusa mwalimu begani na kungoja badala ya kumvuta nguo, kumpokea mgeni kwa shikamoo na kumtafutia kiti: yote haya hufundishwa kwa vitendo, taratibu, kama masomo kamili.

Montessori alisimulia jinsi alivyowahi kuwaonyesha watoto wa San Lorenzo namna ya kupenga kamasi kwa kitambaa bila kelele. Alitazamia wacheke. Walimpigia makofi. Watu wazima walikuwa wamewakaripia mara nyingi kwa pua chafu, na hakuna aliyewahi kuwaonyesha kwa heshima namna ya kujisafisha. Adabu inayofundishwa hivi humpa mtoto maneno na vitendo vya kuingia navyo miongoni mwa watu, na watoto wa vibarua waliutambua ukarimu huo mara moja.

Afrika Mashariki ina mizizi yake katika kazi hii. Masista Wakatoliki wamewaandaa walimu wa Montessori kwa miaka mingi nchini Tanzania, katika vyuo kama cha Msimbazi jijini Dar es Salaam na cha Lushoto mkoani Tanga. Katika eneo la Nakuru nchini Kenya, miongoni mwa familia zilizopoteza makazi katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, mradi wa Corner of Hope uliwafundisha watu wa jamii yenyewe kuwa walimu wa watoto wao. Ni jambo la kushukuriwa, kwa sababu katika miji mingi duniani, mbinu iliyoanzia kwa watoto wa vibarua sasa inauzwa kwa ada ambazo kibarua hawezi kuzilipa.

Matunda yake yamepimwa. Mwaka 2006 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Angeline Lillard na Nicole Else-Quest uliofanyika Milwaukee, Marekani, ambako nafasi katika shule ya umma ya Montessori zilitolewa kwa bahati nasibu. Kwa hiyo waliopata nafasi waliweza kulinganishwa na walioomba wakakosa. Wakiwa na miaka mitano, waliopata nafasi waliwazidi wenzao katika kutambua maneno na hesabu, na walicheza kwa maelewano zaidi uwanjani. Shule hiyo ilifuata mbinu kwa ukamilifu, jambo ambalo lina uzito wake, kwani jina Montessori halilindwi katika nchi nyingi, na yeyote anaweza kuliandika getini.

Kwa hiyo mzazi anayetafuta shule asiishie kwenye kibao cha getini wala kwenye daftari zilizojaa alama za vema. Aombe kukaa kimya darasani kwa nusu saa. Asikilize ni sauti za nani zinazosikika zaidi, za watoto au za mwalimu. Atazame kama rafu ziko kwenye kimo cha mtoto, kama wadogo na wakubwa wamechanganyika, na maji yakimwagika, nani anayechukua kitambaa. Kisha amwulize mwalimu kuhusu kumbukumbu zake za kila siku. Aliyefunzwa sawasawa anaweza kueleza mtoto fulani amefika sauti ipi, kifaa gani alikirudia mara nyingi wiki hii, na kwa nini hajampa penseli bado.