Mweleka wa Mtu Mwenye Mwili

Mtu mwenye mwili huogopa kuanguka kuliko kupigwa. Ngumi huuma ikapoa. Lakini kilo 96 zikienda chini bila mpango, goti linaumia, kifundo cha mkono kinaumia, na watu wanacheka kabla hawajauliza umeumia wapi. Nimekulia Kipalapala, karibu na Tabora, mahali ambapo wengi wanapajua kwa Seminari Kuu ya Mtakatifu Paulo na kwa vitabu vya kiwanda cha TMP vilivyochapwa pale. Mimi nilipajua kwa kila sehemu yenye utelezi wakati wa mvua.

Nilipotaka kujifunza kujilinda, kila aliyenishauri alianza na mwili nisiokuwa nao. Nenda karate upungue. Nenda taekwondo, mateke yatakuyeyusha. Karate naiheshimu, na wapo wanene wanaoicheza vizuri. Lakini teke la juu hutaka mguu mmoja ubebe mwili mzima, na kila ukiruka, goti ndilo linalolipa. Sikutaka sanaa ya kunisubiri nipungue. Nilitaka itakayonipokea jioni ileile.

Judo ilinipokea Unguja, kisiwa ambako Mjapani Tsuyoshi Shimaoka alikuwa ameshaupandikiza mchezo huo tangu miaka ya 1990. Mwalimu wangu, mwanafunzi wa wanafunzi wake, alinipandisha kwenye mizani akaandika namba bila kusema neno. Kundi la mwisho la wanawake huanzia juu ya kilo 78 na halina kikomo. La wanaume, juu ya 100. Kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 2024, Andrew Mlugu aliiwakilisha Tanzania katika kundi la kilo 73, na kwenye michezo hiyohiyo Mfaransa Teddy Riner akatwaa dhahabu ya wazito. Mchezo mmoja, vazi moja, na hakuna aliyeambiwa akajipunguze kwanza ndipo aje.

Jigoro Kano, aliyeanzisha judo na chuo chake cha Kodokan, Tokyo, mwaka 1882, alikuwa mdogo wa umbo. Hadithi hiyo imewafanya wengi waamini kwamba judo ni silaha ya mdogo, na mkubwa huja pale kuangushwa tu. Si kweli. Kinachotangulia ni kuzushi, yaani kumtoa mwenzako kwenye mhimili wake kabla hujajaribu kumwangusha, na mhimili kila mtu anao. Mwembamba husimama kama mchi. Mnene husimama kama kinu, na anayetaka kukiangusha kinu hana budi kukiinamisha kwanza.

Tarehe 23 Oktoba 1964, judo ilipoingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, ukumbi wa Budokan ulijaa Wajapani waliokuja kumwona Akio Kaminaga akishinda kundi la wazi, lisilobagua uzito. Mholanzi Anton Geesink, mtu wa karibu mita 2, alimlaza chini akambana kwa kesa-gatame, ubavu juu ya kifua, hadi muda ukatimia. Mashabiki wake walipotaka kuvamia ulingo kushangilia, aliwainulia mkono warudi. Nchi iliyouzaa mchezo ilinyamaza. Mimi hukitamani kile kibano kuliko mweleka wowote wa kupaa hewani. Siku hizi ukikishikilia sekunde 20 umeshinda, na sekunde 20 ni ndefu mno kwa aliye chini. Aliye juu hakazani: anatoa pumzi, anashusha nyonga, anauacha uzito ushuke wenyewe, na kila mwenzake anapojongea naye anajongea. Hapo ndipo nilipotambua kwamba mwili wangu una kazi unayoijua.

Wapagazi wa Kinyamwezi waliijua kazi hiyo. Kwenye njia ya misafara kati ya Bagamoyo na Unyanyembe, eneo la Tabora, mtu mmoja alibeba begani mzigo wa frasila 2 hivi, kama kilo 32, wiki baada ya wiki. Mzigo haulemei kwa uzito wake tu. Hulemea zaidi unapoyumba mbali na mfupa. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, kazi ile ikaanza kufifia. Lakini mtazame mama anayetoka kisimani na ndoo juu ya ngata: shingo imetulia, nyonga ndizo zinazotembea. Mwalimu wa judo angemwonyesha mwanafunzi wake kwa kidole.

Hata majina tunayo. Mwalimu alipotuonyesha osoto-gari, yaani kumfyeka mwenzako mguu kwa nyuma, tuliotoka bara tulipaza sauti pamoja: mtama! Ngwala tunaijua, kabali tunaijua, na mweleka ni neno la watoto wa kila kijiji.

Liko jambo moja ambalo mzito lazima alijue mapema kuliko wengine. Unapomwangusha mwenzako, usimwangukie. Mshike mkono wa vazi lake, ubaki umesimama, mteremshe. Wepesi wanaweza kuchelewa kujifunza adabu hiyo. Sisi hatuwezi, maana mbavu zitakazovunjika ni za rafiki.

Sasa nimerudi nyumbani. Chini ya mwembe nimetandika magunia niliyoyajaza maranda, na binti wa jirani, mwenye miaka 15 na umbo kama langu, huja jioni. Siku ya kwanza aliniuliza, "Shangazi, nikianguka watacheka?" Nikamwambia kwa mwezi mzima hatutafanya kingine ila kuanguka. Tulianza kwa kuchuchumaa, kisha kwa kupiga magoti. Kidevu kifuani, mgongo uviringe, kiganja kipige chini kando ya mwili, pumzi itoke.

Jana alianguka akiwa amesimama. Mara tatu alijizuia kwa kiwiko. Ya nne kiganja kilipiga kwa wakati wake, gunia likalia paa, mzee mmoja aliyekuwa akipita na baiskeli akasimama kutazama. Binti aliinuka na maranda yamejaa kwenye nywele. Hakuyapangusa. Alirudi kwenye ukingo wa magunia, akajipanga tena.