Pete ya Nikon: Kutoka Milimita 44 hadi 55

Nikon walipotoa kamera yao ya F mwaka 1959, walifunga mkataba ambao wahandisi wao wangeutumikia kwa karibu miaka 60. Pete ya kufungia lenzi ilikuwa na kipenyo cha ndani cha milimita 44, na kutoka kwenye pete hadi kwenye filamu kulikuwa na milimita 46.5. Umbali huo ulidaiwa na kioo kinachokaa nyuma ya lenzi na kunyanyuka kila unapopiga picha.

Namba hizo mbili lazima zisomwe pamoja. Mwanga hutoka nyuma ya lenzi kama pia, ncha yake ikitua kwenye filamu. Lenzi ya f/1.2, yenye tundu pana sana la mwanga, hutaka pia nene. Katikati ya picha haina taabu, lakini fremu ya milimita 24 kwa 36 ina ulalo wa milimita 43 na ushei, hivyo mwanga wa kwenye kona hupita kwa kuinama na ukingo wa pete huumega. Kona hufifia. Nikon walitengeneza lenzi za f/1.2 za kulenga kwa mkono; zile za F zinazojilenga zenyewe ziliishia f/1.4.

Mwaka 1987 Canon walithubutu zaidi. Waliitupa pete yao ya FD, wakaleta EF: kipenyo milimita 54, umbali milimita 44, mota ndani ya lenzi, na mawasiliano yote kwa umeme. Wenye lenzi za FD walikuwa na haki ya kunung'unika, maana hazikuingia kwenye kamera mpya. Hata hivyo naona uamuzi ulikuwa sahihi: mwaka 1989 ilitoka lenzi ya EF ya milimita 50 yenye f/1.0 na inayojilenga yenyewe.

Nikon walifuata mwaka 2018, kioo kilipoondolewa. Pete ya Z ina milimita 55 na umbali wa milimita 16 tu, na hapo lenzi pana ndizo zilizofaidi zaidi. Lenzi ya milimita 14 ingependa kukaa jirani na picha yake. Kioo kiliizuia, kwa hiyo mbele yake viliwekwa vipande vikubwa vya kutawanya mwanga kwanza, kisha vya nyuma vikaukusanya tena kutoka mbali. Nikkor ya 14-24 f/2.8 ya mwaka 2007 ina uzito wa karibu kilo 1, na jicho lake la mbele limevimba kiasi cha kutokubali filta ya kuskrubu. Ile ya Z ya mwaka 2020 ina gramu 650 na inakubali filta. Si pete peke yake iliyofanya kazi hiyo, lakini ndiyo iliyofungua njia.

Wapo wanaodhani pete pana humaliza kila hoja. Pete ya E ya Sony, iliyotoka mwaka 2010 katika kamera za kihisi kidogo, ina milimita 46.1 tu na umbali wa milimita 18. Mwaka 2021 Sony waliitolea lenzi ya milimita 50 f/1.2 kwa fremu kamili ya milimita 24 kwa 36, yenye gramu 778. Ya Nikon Z ina gramu 1,090. Umbali mfupi ndio ulioiokoa Sony: karibu na kihisi, pia ya mwanga imekwisha kuwa nyembamba. Nikon nao wametumia vipande 17 dhidi ya 14 vya Sony. Upana humpa mbunifu nafasi. Uzito huamuliwa na anavyoitumia.

Mwenye lenzi za zamani za F hajatupwa. Adapta ya FTZ, inayofunga lenzi za F kwenye kamera za Z, huongeza milimita 30.5, yaani 46.5 kutoa 16, bila gilasi yoyote ndani. Ila haina mota ya kulenga, kwa hiyo lenzi za F zilizotegemea mota ya kamera utazilenga kwa mkono.