Kuchagua Lenzi ya Kupigia Picha za Watu Matembezini, Kitui na Makueni

Mtu atakaye kuchagua lenzi ya kupigia picha za watu katika matembezi yake, awe ndani ya soko la Kalundu mjini Kitui au kwenye barabara za Wote siku ya soko, hana budi kwanza kujua watu wa huko husimama umbali gani wanapoamkiana. Kwa maana lenzi, kabla ya kuwa kioo cha kukusanya nuru, ni kipimo cha masafa baina ya apigaye picha na apigwaye. Katika Ukambani salamu hairushwi kutoka ng'ambo ya barabara. Mgeni husogea, husimama, husema "Wakya, mwaitu" kwa mama aliyemkuta njiani, huuliza habari za nyumbani na za mvua, na wakati huo wote baina yao hamzidi mita mbili. Rai yangu, ambayo nitaishikilia hadi mwisho wa makala haya, ni kwamba lenzi njema kwa kazi hii ni ile inayotoa picha kamili mahali pale pale salamu ilipotolewa, pasipo mpigaji kurudi nyuma wala kumwingilia mtu usoni.

Hesabu yake si ngumu. Katika kamera ambayo fremu yake ni milimita 36 kwa 24, lenzi ya milimita 50, kamera ikisimamishwa wima, huona kimo cha takriban mita 1.4 kwa umbali wa mita mbili, yaani tangu kilemba cha mama hadi magotini. Lenzi ya milimita 35 huona mita mbili, ambazo ni mtu mzima pamoja na ardhi anayoikanyaga. Lenzi ya milimita 85, inayosifiwa sana kwa picha za nyuso, huona sentimita 85 tu, kwa hiyo hupata uso na kifua na kuiacha mikono nje. Na hapo ndipo palipo na tofauti kubwa kwa yeyote anayetembea Kitui na Makueni, kwani wanawake wengi wa huko wamezoea kusuka kiondo huku wakienda zao sokoni, vidole vikipitisha uzi wa katani bila jicho kuviangalia, na mazungumzo yakiendelea kana kwamba mikono ni ya mtu mwingine. Picha ya mama kama huyo isiyo na mikono yake ni nusu ya habari. Kwa sababu hiyo naitanguliza milimita 50, naifuatisha 35 kwa ajili ya maduka membamba na makundi ya watu, na 85 naiona ni lenzi ya mtu aliyekaa kitini kwa miadi. Henri Cartier-Bresson, Mfaransa aliyepiga picha za njiani kwa ustadi usio na kifani, aliitumia milimita 50 kwa sehemu kubwa kabisa ya kazi yake, na sioni ajabu.

Wapo wanaosifu lenzi ndefu ya milimita 200, wakidai kwamba humpata mtu katika hali yake ya asili. Lakini kwa lenzi hiyo, kumwona mtu mzima tangu utosi hadi unyayo kwahitaji umbali wa mita kumi na moja hivi, na kwa masafa hayo hakuna salamu inayofika wala idhini inayoombwa. Mtu hupigwa picha kama mnyama wa Tsavo. Mbali na adabu, Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, ambayo huihesabu picha inayomtambulisha mtu kuwa ni habari zake binafsi. Upande wa pili wako wenye lenzi pana ya milimita 28, na wenye simu, ambazo lenzi yake kuu aghalabu ni pana zaidi ya hapo. Hao husogea hadi nusu mita ili uso ujaze fremu, kisha hushangaa kuona pua imekua na masikio yamekimbilia nyuma. Kosa si la lenzi, ni la umbali. Lakini lenzi pana ndiyo inayomshawishi mtu kusogea mno. Mwenye kamera ya sensa ndogo, ambazo ni nyingi mikononi mwa vijana wetu, agawanye namba nilizozitaja kwa 1.5: lenzi ya milimita 35 kwake hufanya kazi ya 50, na ya 24 hufanya kazi ya 35.

Sasa tuje kwenye nuru, ambayo kwangu ndiyo mtihani mkuu. Kaunti hizi ziko chini kidogo tu ya ikweta, na katika siku zinazokaribia Machi 20 na Septemba 23 jua la adhuhuri hupita karibu kabisa na utosi, likatia giza machoni na chini ya pua za kila aliyevaa kofia. Mpigaji mwenye busara humwomba mwenzake waingie kwenye upenu wa duka au kivuli cha mwembe, na huko hukuta neema mbili: nuru laini, na wekundu wa udongo unaoakisi kutoka chini na kuupasha moto uso. Lakini nyuma ya kivuli hicho aghalabu pana ukuta mweupe au paa la mabati linalowaka, na hapo ndipo lenzi hafifu inapojidhihirisha. Ngozi nyeusi ina daraja nyingi za weusi: shaba kwenye paji, zambarau iliyoiva chini ya shavu, giza jororo shingoni. Nuru ya mabati ikiingia katika lenzi na kurukaruka baina ya vioo, hutandaza ukungu wa kijivu juu ya daraja hizo zote, na uso uliokuwa hai hutoka kama umepakwa jivu.

Kila uso wa kioo usiopakwa dawa hurudisha takriban asilimia 4 ya nuru. Alexander Smakula wa Carl Zeiss, kule Ujerumani, ndiye aliyevumbua mwaka 1935 utando wa kuupunguza urudishaji huo, na tangu hapo utando umezidi kuboreshwa. Hata hivyo lenzi ya kuvuta, yenye vioo kumi na vitano au zaidi, ingali na nyuso nyingi za kurudisha nuru kuliko lenzi ya milimita 50 iliyo na vioo sita. Kwa hiyo usiijaribu lenzi kwa kupiga ukuta wa matofali ili kuhesabu ukali wa pembeni. Msimamishe rafiki kivulini, mabati yaking'aa nyuma yake, pima nuru ya shavu lake, kisha tazama kama weusi wa nywele umebaki weusi.

Kuhusu ukubwa wa tundu, naona watu hulipa fedha nyingi kwa f/1.2 wasiyoweza kuitumia mchana. Chini ya jua kali, kwa ISO 100, f/8 huhitaji shata ya sehemu 1 ya 400 ya sekunde, na f/2 huhitaji sehemu 1 ya 6,400, kasi ambayo kamera nyingi za zamani hazina. f/1.8 yatosha kwa duka lenye giza na kwa asubuhi za Nunguni, katika vilima vya Kilungu, ukungu unapokawia juu ya mashamba. Tena lenzi ya 50 yenye f/1.8 yaweza kuwa na uzito wa gramu 160 tu, na shingo ya mtembezi huijua faida hiyo. Mwenye milimita 35 naye, akiweka f/8 na fokasi kwenye mita 2.5, hupata kila kitu wazi tangu mita 1.7 hadi karibu mita 5, na hana haja ya kuigusa lenzi tena.

Lenzi iliyokwisha kutumiwa yataka hadhari. Imulike kwa tochi kutoka nyuma: nyuzi nyeupe zilizotambaa kama utando wa buibui ni kuvu, maradhi ya lenzi zilizokaa katika unyevu wa pwani, nayo hula utando wa kioo. Vumbi kidogo ndani halidhuru. Fungua na kufunga tundu mara kadhaa uone kama majani yake yana mafuta. Zungusha pete ya fokasi, ambayo yapaswa kwenda kwa uzito ulio sawa tangu mwanzo hadi mwisho. Ikikwaruza, mchanga umekwisha kuingia, na kando ya barabara ya Mombasa, kule Emali na Mtito Andei, ambako malori hayaishi kupita, mchanga haukosi mlango. Ndiyo maana natembea na lenzi moja nisiyoibandua njiani, yenye kinga ya jua mbele yake, na kioo cha ziada cha kuilinda sikiweki, kwani huongeza nyuso mbili za kurudisha nuru ile ile ya mabati.