Java imeungana na Cassandra. Magunia je?

Tafuta mafunzo ya kuunganisha programu ya Java na Cassandra, utaona yanafanana kama mapacha. Weka draiva, andika anwani ya seva, fungua CqlSession, hifadhi jina moja, lisome tena. Limerudi? Basi, somo limekwisha. Lawama yangu ni hii: yanaishia pale ambapo kazi yenyewe inaanzia.

Cassandra haikai kwenye seva moja. Ilianzia Facebook, ikaachiwa huria mwaka 2008, na kila rekodi huwa na nakala kwenye mashine kadhaa. Mashine moja ikizimika, nyingine zinaendelea kujibu. Sasa swali: ukiandika kitu, mashine ngapi zikubali kwanza ndipo programu yako iseme "tayari"?

Mafunzo mengi hayaulizi, kwa hiyo draiva inakujibia. Draiva ya Java toleo la 4, usipoiambia lolote, hutumia LOCAL_ONE. Yaani nakala moja ikikubali, imetosha.

Tulete jambo hili nyumbani. Tuseme umejenga mfumo wa ghala la mahindi Msanzi, huku Ufipa, na kila rekodi ina nakala 3. Karani anaandika magunia 40 ya mkulima. Kawaida nakala zote hupata habari mara moja, ila leo mashine moja ilizimika kidogo, ikarudi bila kuipata. Mnunuzi akiwa Sumbawanga mjini anafungua mfumo, anasomewa kutoka mashine hiyo hiyo. Magunia hayapo! Skrini haionyeshi kosa lolote. Mfumo umefanya ulichouruhusu, na anayeumia ni mkulima.

Dawa yake ni hesabu ya darasa la kwanza. Andika kwa nakala 2, soma kwa nakala 2. Kwa kuwa 2 + 2 inazidi 3, angalau nakala moja unayoisoma lazima iwe na habari mpya. Ndiyo kazi ya LOCAL_QUORUM. Gharama yake ni kwamba mashine mbili zikizimika, mfumo utakataa kujibu. Kwa mali ya mtu, heri ukatae kuliko udanganye. Na kama unataka wauzaji wawili wasiuze magunia yale yale, hiyo nayo haitoshi: weka sharti la IF ndani ya amri yenyewe, ukijua litakuwa la polepole zaidi.

Kuna mtego mwingine. Muda ukiisha bila jibu, Java hutoa kosa, na wengi hutuma tena. Lakini muda kuisha si ushahidi kwamba data haikufika. Kama amri ilikuwa "ongeza 40", huenda sasa ghala lina 80 za kwenye karatasi tu. Kipe kila kipokezi namba yake ya pekee tangu mikononi mwa karani. Ukikituma mara mbili, kitaandikwa juu ya kile kile.

Mwisho, jiulize kama unaihitaji kweli. DHIS2, mfumo wa Java ambao Wizara ya Afya ya Tanzania hukusanyia takwimu za vituo, unatumia PostgreSQL, hifadhidata ya majedwali ya siku zote, na unabeba kazi ya nchi nzima. Tena mtandao ukikatika kati ya Msanzi na seva zako, hata uwe na mashine 30 za Cassandra Dar es Salaam, karani hataziona. Programu ya simu ya DHIS2 huweka data kwenye simu kwanza, mtandao ukirudi ndipo huituma. Kwa mazingira yetu, hilo ndilo somo ambalo ningependa lifundishwe kabla ya CqlSession.

Kwa hiyo ukikuta mafunzo mengine ya "dakika kumi", yafuate, hayana ubaya. Yakiisha, zima mashine moja kwa makusudi, kisha uliza: magunia ni mangapi?