Mpiga Ridhimu

Wapenzi wa muziki wa dansi wakianza kubishana, ubishi wao aghalabu huwa juu ya waimbaji na wapiga solo. Nani zaidi, Franco au Dokta Nico? Mbaraka Mwinshehe alinganishwe na nani? Mpiga gitaa la ridhimu hatajwi, na akitajwa huwa wa mwisho. Hata katika bendi nyingi za vijana imekuwa desturi kwamba anayelijua gitaa hupewa solo, na yule ambaye bado anajifunza huwekwa kwenye ridhimu. Kwa maoni yangu desturi hiyo ni kosa, na ni sababu mojawapo ya nyimbo nyingi kuwa na haraka lakini zikakosa mwendo.

Kazi ya ridhimu hueleweka vibaya kwa kuwa hupimwa kwa kipimo cha solo. Mpiga solo hupimwa kwa kile anachokipiga mwenyewe. Mpiga ridhimu yafaa apimwe kwa kile ambacho wenzake wanaweza kukifanya kwa sababu yeye yupo. Tulipokuwa tukiwakagua wanachuo wakati wa mazoezi ya kufundisha, mkaguzi aliyeijua kazi yake hakukaa kumtazama mwalimu tu. Aliyafungua madaftari ya wanafunzi. Kwa mpiga ridhimu, madaftari hayo ni bendi nzima. Kwa kipimo hicho nitawataja wanne niwapendao.

Wa kwanza ni Mmarekani, Freddie Green, aliyejiunga na bendi ya Count Basie mwaka 1937, akadumu nayo hadi alipofariki mwaka 1987. Miaka hamsini kwa gitaa lisilo la umeme, na solo zake ni za kutafuta kwa tochi. Alipiga mapigo manne yaliyo sawa katika kila kipimo, kwa noti chache mno. Mara nyingine ni moja au mbili tu zinazosikika. Katika santuri nyingi utamtafuta usimpate. Lakini msikilize Basie kwenye piano: anagusa noti mbili, ananyamaza, kisha anagusa nyingine. Mpiga piano hawezi kuwa bahili kiasi hicho kama nyuma yake hakuna watu wanaomshikia mwendo. Besi na ngoma zilifanya sehemu yao, na mkono wa Green ukaziunganisha.

Huku Afrika gitaa la ridhimu lilifuata njia nyingine. Wanamuziki wa Kongo hawakuridhika na kukata mapigo peke yake. Walilipa gitaa hilo kifungu kifupi cha noti, likawa linakizungusha tena na tena huku solo likipita juu yake. Katika njia hiyo namheshimu sana Déchaud, ambaye jina lake ni Charles Mwamba, kaka yake Nico Kasanda tuliyemwita Dokta Nico. Walipiga pamoja katika African Jazz ya Joseph Kabasele, na mwaka 1960 walikuwamo katika safari ya Brussels, wakati wa mkutano wa kujadili uhuru wa Kongo, iliyotupatia wimbo wa "Indépendance Cha Cha". Baadaye wakawa pamoja tena katika African Fiesta. Nico husifiwa, na ni haki yake, kwa jinsi noti zake zinavyoteleza. Anaweza kuchelewa kidogo, akatangulia, akapanda juu kabisa na kurudi salama, kwa sababu Déchaud hajasogea. Anayemwita Déchaud kivuli cha mdogo wake hajasikiliza vizuri. Kivuli humfuata mtu, na hapa ni Nico anayemrudia Déchaud.

Wa tatu ni Simaro Lutumba, aliyeingia OK Jazz mwaka 1961 na kufariki mwaka 2019. Huyu alikuwa mpiga ridhimu na pia mtunzi mkubwa, na naamini kazi hizo mbili zilisaidiana. Usikilize wimbo wake wa "Mabele", yaani udongo, ulioimbwa na Sam Mangwana mwaka 1974. Maneno ni mengi na mazito, lakini hayakanyagwi na gitaa hata mara moja. Mtu anayetunga maneno hujua mwimbaji atahitaji kuvuta pumzi wapi, na gitaa la Simaro linampa nafasi hiyo.

Wa nne ndiye ninayemweka mbele ya wote: Omari Shabani, waliyemwita Profesa, wa Les Wanyika, bendi iliyoundwa Nairobi mwaka 1978 na wanamuziki waliojitoa Simba Wanyika. Mwombe mtu aliyewahi kuucheza "Sina Makosa" akuimbie muziki wake bila maneno. Aghalabu hatakuimbia solo. Atakuimbia kile kifungu cha ridhimu pamoja na besi ya Tom Malanga. Ridhimu na besi zinasemezana, moja ikiuliza na nyingine ikijibu, wala hazigombanii nafasi. Kwa hiyo Issa Juma hana haja ya kupaza sauti yake nzito. Anaongea tu, na tunamsikia.

Wapo wanaosema ridhimu ni rahisi kwa kuwa noti zake ni zile zile. Naomba mwenye maoni hayo ashike kifungu kimoja kwa dakika kumi, watu wakichemka, bila kuharakisha wala kuongeza madoido. Vidole vitaweza, ila moyo utataka kujionyesha.

Siku hizi katika rekodi nyingi kazi hii imepewa vinanda vya umeme na kompyuta. Mtambo hauchelewi wala hauchoki, lakini haumsikii mwimbaji anapotaka kuvuta neno. Simaro alimsikia. Ndiyo maana nawashauri viongozi wa bendi za vijana wampe ridhimu yule mwenye masikio mazuri kuliko wote, hata kama anaitaka solo. Nawe msomaji, ukiupiga wimbo uupendao, upige mara ya pili ukimfuata mpiga ridhimu peke yake hadi mwisho.